Nusu ya Skrini

Waliotengeneza ule mchezo wa mbio za magari mtaani nawachukia hadi leo, na sitaki kuambiwa kwamba ni mchezo tu.

Tulipokuwa wakimbizi Kitale, mimi na mdogo wangu wa kiume tulicheza toleo la kwanza kwenye televisheni ya jirani. Skrini ilikatwa vipande viwili: cha juu chake, cha chini changu. Tukinuniana, hatukuombana msamaha. Tulikaa bega kwa bega, macho mbele, na katikati ya mbio mmoja wetu alisema, "Ile ya jana, basi." Yakaisha hapo.

Kisha matoleo yakaja mfululizo. Moja lilileta usiku na taa za rangi chini ya magari, lingine polisi wa kukufukuza, lingine mji mzima wa kuzurura. Siku hizi unamchagulia dereva hata viatu. Viatu!

Mama alipougua hapa Juba, baada ya mimi na yeye kurudi nyumbani, nilimuuguza peke yangu. Mdogo wangu alibaki Kenya, hata kuzika hakuja. Tukanyamaziana miaka. Mwaka huu akaja Juba, akakubali kupita kwangu mtaa wa Atlabara Jumapili mchana. Nikanunua mashine ya kuchezea, toleo jipya na padi mbili za kushika, moja yangu, moja yake. Kupakua tu kukamaliza chaji ya sola ya siku nzima na bando langu lote la intaneti. Maneno sikuandaa. Niliutegemea mchezo, kama zamani.

Akaja, akaketi, akashika padi yake. Nikatafuta pa wachezaji wawili. Nikapekua kila ukurasa. Hakuna. Wameondoa! Ukitaka kucheza na ndugu yako, awe na mashine yake, televisheni yake na mtandao wake, huko kwake. Mji mkubwa namna ile, na hawakubakiza nusu ya skrini kwa mtu aliyekaa kando yangu.

"Kalas, dada, basi," akasema. "Cheza wewe, mimi nitaangalia tu."

"Kuangalia ndiyo kazi yako!" nikafoka. "Hata mama ulimwangalia kutoka mbali!"

Nikachomoa waya ukutani. Nikamwambia yote, ya matandiko, ya dawa, ya jeneza, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Akalia, mwanamume mzima, padi bado mkononi. Televisheni ilikuwa imezimika. Sikuwa na mahali pengine pa kutazama ila usoni pake.