Nilitaka code ya Fabrice ianguke

Wivu imeniponza leo.

Fabrice ni mudogo wangu. Mi njo nilimufundisha ordinateri hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Sasa iko Lilongwe, City Centre, kwa bureau yenye klima ya kuleta baridi.

Asubuhi ameweka code kwa groupe yetu. Kernel mpya, ule moyo wa ordinateri, inajua kuhesabu kila programu inakula memori ngapi. Yeye ameitoa ile hesabu kule, ameingiza kwa kernel ya zamani ya machini zetu.

Bantu bote: "Félicitations." Hata mama, na hajue kernel ni nini.

Nikaiweka kwa machini mbaya kabisa ya hapa kambini, ile inazimikaka ukifungua video. Nikafungua kila kitu. Nilitaka ianguke, niandike vile mbele ya bote.

Haikuanguka.

Nikaandika, roho inauma: "Nimejaribu kwa machini yetu. Inasimama, haianguki."

Fabrice: "Zikomo, aksanti yaya, mukubwa wangu. Njo test nilikuwa nakosa, huku sina machini mbaya."

Nilisahau: kwa kazi yetu, mwenye kujaribu code anaandikwa jina ndani yake. Sasa chini ya jina lake iko langu, nashuhudia mbele ya dunia kama kazi yake ni muzuri.

Mama anauliza juu ya nini sifurahi. Mumujibu nyinyi.