Mgeni wa Chumba cha Ndizi

Mama yangu huuza ndizi mbivu hapa Kasuku. Huziivisha chumbani mwake, ambako dirisha limezibwa kwa mbao tangu miaka ya vita. Nzi wadogo wa ndizi wamehamia humo kama wapangaji. Ukifungua mdomo kumsalimia, umeshameza wawili.

Mwaka jana nikachoka, nikatafuta kwenye simu mimea inayokula wadudu. Mmea wenye kinywa kinachofumba nikaukataa: nzi wetu wangepenya katikati ya meno yake. Wenye vikombe vya maji hauoti kwetu. Ukabaki ule wa majani yanayonata, ambao kaka yangu aliung'oa kinamasini kule Pangi, akauleta ndani ya sufuria kuukuu. Akatuonya: maji ya mvua tu, na uone mwanga.

Mama aliupokea kama mkwe. Asubuhi nikakuta ndakala mkavu, kisamaki kama dagaa, amelazwa juu ya jani.

"Mama, mmea huu hula nzi!"

"Ametoka mbali na pikipiki, unataka alale na njaa?"

Nikamkumbusha: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mgeni hakulima. Utomvu ulikauka, nzi wakawa wanatembea juu yake bila wasiwasi.

"Tuupeleke nje, unakufa kwa giza," nikasema.

"Mugeni halalake inje. Na ndizi zinapenda giza."

Ndizi! Uongo wa mama ni mtamu kuliko ndizi zake. Kupitia dirisha lile askari walimwona baba amekaa, wakamchukua awabebee mizigo. Hakurudi. Jioni ileile mama alipigilia mbao, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuzigusa, hata mimi mwenye mdomo mrefu.

Siku chache baadaye narudi kutoka sokoni, nasikia nyundo. Mama yuko juu ya kiti, anang'oa misumari, ananilaumu kwa kumletea mgeni msumbufu. Aliiweka sufuria dirishani, kisha akatazama barabara, akatazama sana. Nilitaka kumtania, nikainama kuokota misumari.

"Kumbe njia iko tu pale," akasema.

Sasa utomvu umerudi na nzi wananasa. Si wote, wengine bado nawameza. Mama hukaa kando ya sufuria, uso barabarani. Nikimwuliza anamngoja nani, anasema anamlinda mgeni.