Swali la Mama Kuhusu Watu wa Kusini

Mama aliposikia nani anakuja kuzungumza pale chuo cha ualimu, aliweka ungo wa ulezi chini akaniambia tutakwenda wote. Nikamweleza kwamba ni mhadhara wa hadhara wa chuo kikuu, juu ya mambo ya nchi za nje, si baraza la kupeleka shida. Akasema mkubwa ni mkubwa tu, hata akizungumzia mwezi.

Miaka ile chuo kikuu kilikuwa kikituma watu mikoani kutoa mihadhara, na safari hiyo kilimtuma mtu aliyewahi kuwa waziri. Magazeti yalimjua kwa uwaziri wake. Sisi tulimjua kwa jambo la kabla ya hapo. Alikuwa mkuu wetu wa wilaya wakati wa operesheni ya vijiji, na ndiye aliyesimama mbele ya malori, mikono kiunoni, asubuhi tuliyotolewa kwenye kijiji chetu cha zamani kule mlimani tukaletwa kando ya barabara ya Laela, nje kidogo ya mji. Wakati ule nilikuwa msichana wa darasa la saba. Sasa nilikuwa mwalimu, nina mshahara na viatu vya ngozi.

Shida ya mama ilikuwa moja. Mdogo wangu, kitindamimba wake, alikufa kwa surua siku chache kabla ya malori kuja. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Tulipakiwa pamoja na kuku na vyungu, kaburi likabaki na udongo mbichi, kisha likasomwa tangazo kwamba atakayeonekana kurudi kule atahesabiwa mpinga maendeleo. Waliojaribu walichomewa vibanda vyao. Tangu hapo mama alikuwa akigeuka ghafla, kisimani au shambani, kama mtu aliyeitwa. "Kaniita tena," husema, halafu anaendelea na kazi. Niliyachukia maneno hayo. Niliyachukia kwa sababu siku nyingine, upepo ukivuma kutoka mlimani, na mimi niligeuka.

Ukumbi ulijaa wanachuo, makarani waliotoka Mbeya ndani ya makoti yao, na wazee wachache wa kijiji jirani cha Mollo waliokuja kutazama tu. Mgeni alipoingia, mama na wazee wale walichuchumaa wakapiga makofi ya polepole, viganja vimekunjwa, kama tunavyomwamkia mkubwa kwetu. Yeye akadhani anashangiliwa, akapunga mkono.

Alizungumza vizuri, lazima niseme. Alitundika ramani ukutani akatupeleka mpaka Afrika Kusini. Akaeleza namna Makaburu wanavyowatoa watu weusi kwenye ardhi ya babu zao. Askari wanatangulia alfajiri, malori yanafuata, nyumba zinabomolewa ili mtu asiwe na pa kurudi, na watu wanakwenda kumwagwa mahali walipochorewa na bwana mmoja aliyeko ofisini. "Wanaacha mpaka makaburi yao," alisema, na sauti ikamtetemeka kwelikweli. Wanachuo waliandika. Wazee wa Mollo walitazama sakafu. Nikasema moyoni, huyu mtu anayasikia maneno yake mwenyewe au hayasikii? Mama alikuwa ameinama mbele, anasikiliza kila neno.

Maswali yalipofunguliwa, mwenyekiti, ambaye alikuwa mkufunzi wa siasa, alionya kwamba anataka maswali ya kimataifa tu. Wanachuo wawili wakauliza yao, marefu kuliko majibu. Kisha mama akasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Mimi nauliza hao watu wa kusini. Wakitaka kwenda kupalilia makaburi ya watoto wao, wanaomba ruhusa kwa nani?"

Kicheko kidogo kilipita nyuma. Mgeni hakucheka. Alitoka nyuma ya meza akasogea mbele. "Mama yangu, hawapaswi kuomba kwa mtu yeyote. Serikali inayomzuia mzazi kwenda kwenye kaburi la mwanawe, hiyo si serikali." Ukumbi ulirindima kwa makofi, na haya yalikuwa ya kushangilia.

Mama alingoja yaishe. "Asante, baba. Basi na mimi nitakwenda kesho." Akalitaja jina la kijiji chetu cha zamani.

Sijapata kuona uso wa mtu ukizeeka upesi namna ile. Mwenyekiti alianza kusema kwamba mama ametoka nje ya mada, mgeni akamnyamazisha kwa kiganja.

"Mtoto alikuwa mkubwa?" aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo ramani na mhadhara havikuwamo tena.

"Alikuwa ndiyo anaanza kutembea."

Hakuomba radhi. Nilingoja aombe, na mpaka leo kuna siku najikuta nangoja. Alisema tu, "Nenda, mama," akaketi, na mhadhara ukafungwa kabla ya wakati wake.

Tuliporudi nyumbani nilijaribu kumweleza mama kwamba yule si mkubwa tena, hana ruhusa ya kumpa mtu. "Umemsikia, hukumsikia?" akanijibu. Kulipokucha tulishika njia ya mlimani. Hakuna aliyetuzuia. Hakuna hata aliyetuuliza tunakwenda wapi. Miaka yote ile tulikuwa tumelindwa na woga wetu wenyewe, na hilo liliniuma kuliko kukatazwa.

Nilijiandaa kukuta pori. Tulikuta shamba. Watu wa kijiji kingine walikuwa wameulima mteremko wote, kwa kilimo chetu cha Ufipa: majani hukusanywa na kufukiwa, udongo ukarundikwa juu yake kuwa tuta la mviringo. Matuta yalianzia palipokuwa uwanja wetu yakavuka kijito na kupanda ng'ambo, mengi hata jicho lilichoka, na kila moja lilikuwa na ukubwa wa kaburi la mtoto mdogo. Magugu yalikuwa yameanza kuota juu yake.

Nilitafuta mti wa msuku uliokuwa karibu na kaburi. Ulikuwa umekatwa, kisiki kimeng'olewa. Upepo ulipita kati ya matuta na nikasikia, naapa nilisikia, sauti ndogo ikiita. Nikageuka. Mama hakugeuka.

Alipiga magoti kwenye tuta la kwanza, akaling'olea magugu yote, akalisawazisha kwa kiganja. Akahamia la pili. Alipolifikia la tatu nikashindwa kuvumilia.

"Mama, hili ni shamba la watu. Hayumo humo."

Hakuinua kichwa. "Unajuaje kwamba hayumo?"

Nikavua viatu, nikapiga magoti kwenye tuta lililofuata.