Ngoma ya Kumtoa Dada

Nilipoanza kujifunza kucheza nilikosea jambo moja: nilitazama miguu. Nilitaka kila hatua iwe sawasawa, na kwa hofu hiyo nikachelewa kila mara. Shangazi alinicheka. "Umeangusha nini huko chini, baba? Inua uso, mchanga hauna habari yako."

Juzi nilipita Mtanda, mjini Lindi, nikamkuta mtu anapasha ngoma kwenye moto wa majani ili ngozi ikaze. Harufu ile ikanisimamisha njiani. Ilikuwa harufu ya uani kwetu, Mingoyo. Kazi yangu ilikuwa kukusanya majani makavu. Baba aliigeuza ngoma juu ya moto, akaigonga kwa kidole na kusikiliza, huku bibi akimenya ming'oko, viazi vya porini, na kuimba kwa Kimwera. Baba alisema ngoma ya mwali ndiyo neno la mzazi mbele za watu. Wakwe huisikia wakiwa kwao, wakajua binti amefundwa na ana wenyewe.

Dada yangu alikuwa bado ndani, anafundwa, vita vya maji vilipotufikia. Akida akatangaza kwamba Wadachi wamekataza ngoma zote, kwa kuwa kwao kila ngoma ni ya vita. Posa ya dada ilikuwa imeshapokewa. Wakwe wakatuma mtu kusema kwamba mwali ambaye ngoma yake hawakuisikia, hawatamchukua.

"Mwanangu, tupige makofi tu," bibi akamwambia baba. "Mungu anaona."

"Mungu anaona, mama. Na wakwe je?"

"Wangoje vita viishe."

"Mtoto akae ndani mpaka lini?"

Bibi akaendelea kupepeta mtama ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Asubuhi ya kumtoa, baba alioga, akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akapiga. Sijasikia tena mkono uliotulia namna ile. Dada akatoka amefunikwa kaniki, wanawake wamemzunguka, nami nikacheza nyuma yao bila kuchelewa hata mara moja. Nilikuwa na furaha. Nasema kweli, nilifurahi. Kisha nikainua uso, nikaona askari wanaingia uani.

Baba hakuacha kupiga. Alisema tu, "Ndugu zangu, mwali bado hajaketi."

Askari mmoja wa makamo akawazuia wenzake. "Haya, mzee, mketishe."

Dada akaketishwa mkekani. Ndipo wakamfunga baba kamba, wakaichoma ngoma palepale, wakaenda naye Lindi. Bibi alifika bomani na ming'oko ya kuchemsha, akafukuzwa mlangoni. Alipokwenda tena aliambiwa hakuna mtu wa jina hilo.

Wakwe walimchukua dada. Ngoma walikuwa wameisikia.

Vita vimekwisha, bibi amekufa, na ua ule umeota magugu. Siku hizi anayetaka ngoma huomba ruhusa kwa akida, naye hutoa. Kwetu hakuna anayeomba.