Lagi Hainami

Tepora Seumalo akipita mbele ya watu waliokaa, utadhani anapita chini ya kamba ya kuanikia nguo. Mgongo unashuka, mkono mmoja unatangulia chini karibu na goti, na mdomo unatoa neno moja tu la Kisamoa la kuomba radhi, kwa upole: "Tulou." Hupita hivyo kanisani, hupita hivyo sebuleni watu wakitazama raga, na hupita hivyo hata kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee kule mtaa wa Māngere, ughaibuni, mbele ya vikongwe wa Kizungu wanaodhani ameangusha kitu.

"Umepoteza nini, mpenzi?" humwuliza.

"Sijapoteza kitu, bibi. Napita tu."

Ana miaka thelathini na sita. Alizaliwa mtoto wa kiume wa tatu wa Mama Fuatino, na kabla hajaanza shule ilishajulikana kuwa ni fa'afafine: alikaa na wanawake, alicheka nao, alitembea kama wao. Nyumbani kwao hakuna aliyeitisha kikao. Baba yake alinuna miaka miwili, kisha siku moja akamwita "binti yangu" mbele ya wageni, yakaisha. Kaka zake walimtania, naye akawatania zaidi, maana ulimi anao. Sharti lilikuwa moja, na halikutamkwa kamwe: aonekane amelelewa. Ajue pa kukaa, ajue nani anatangulia kula, ajue pa kuinama. Akiwa na hayo, rangi ya mdomo na ua sikioni havikumsumbua mtu.

Hester alimwona akicheza ngoma kwenye tamasha la visiwa. Hester alikuwa na kampuni ndogo ya kutengeneza gemu, watu tisa juu ya duka la matairi, na alikuwa akitengeneza gemu ya kijiji cha Kisamoa ambayo shujaa wake ni fa'afafine aitwaye Lagi. Alihitaji mwili wa kumkopesha Lagi mwendo. Miezi minane, kila Jumamosi, Tepora alivaa nguo nyeusi ya kubana yenye vidoti vinavyong'aa, akatembea, akakimbia, akajipepea kwa upepeo, akacheka kwa bega, huku kamera zikimdaka kila kiungo. Akainama pia. Aliinama mara nyingi, kila Lagi alipopita mbele ya wazee. Wakamwahidi kwamba mwishoni, majina ya watu yanapopanda kwenye skrini, lake litakuwa la kwanza. Tepora alikuwa amecheza gemu tangu utotoni kwa mashine ya kaka yake, na watu wa namna yake aliowaona humo walikuwa wawili: mmoja wa kuchekesha, mwingine wa kuuawa. Alilitaka jina lake pale juu kama mtu anavyotaka maji.

Wiki mbili kabla gemu haijatoka, Hester alikuja kuionyesha katika ukumbi wa kanisa, baada ya ibada ya Jumapili. Wazee walikaa kwenye mikeka, migongo ukutani. Lagi alipotokea kwenye ukuta mweupe, ukumbi ulipasuka kwa vicheko.

"Jamani, huyo ni Tepo mtupu!" alipiga kelele Siliva, fa'afafine mwenzake. "Lakini kiuno wamemwongezea. Tepo, umewahonga nini hawa?"

"Kiuno ni changu, bibie. Wewe ndiye uliyenyimwa."

Mama Fuatino alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ukingo wa kofia yake ya kanisani.

Kisha Lagi akaingia katika nyumba ya wazee. Walikuwa wamekaa duara, kila mmoja kwenye nguzo yake. Lagi akapita katikati, wima kama mlingoti, kidevu juu, pindo la lavalava yake ya kiunoni likipangusa nyuso za waliokaa. Hakuinama. Hakusema neno. Muziki ukapanda kama vile ameshinda vita.

Mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

Mzee Aukuso, aliyembatiza Tepora, akaegemea mbele. "Huyu mtoto ni wa nani?" akauliza taratibu.

Mama Fuatino aliinamisha macho, akakunjua kitambaa chake, akakikunja tena.

Jikoni, wakiosha vyombo vya chakula cha mchana, mama hakumtazama.

"Nilikuzaa hivyo ulivyo, sikulalamika," alisema. "Walioniambia nikufiche niliwafunga midomo. Niliwaambia, mtoto wangu ana adabu kuliko watoto wenu wote. Leo wameniona mwongo."

"Mama, mimi niliinama. Wamekata."

"Seumalo, jina la babu yako, litaandikwa pale?"

"Ndiyo."

"Basi huyo Lagi ainame. Au jina litoke."

Kesho yake Tepora alipanda ngazi za juu ya duka la matairi akiwa bado na sare ya kazi.

"Mlikuwa na kuinama kwangu. Kumekwenda wapi?"

Hester alisukuma kompyuta kando. "Kuinama tuliondoa kwa makusudi. Kaa, Tepora."

"Nitasimama."

"Watu waliojaribu gemu waliumia moyoni. Walisema, hata huyu? Hata yeye lazima ajishushe?" Hester alisugua goti lake. "Baba yangu alinipigisha magoti mbele ya kanisa zima niombe radhi kwa kumpenda msichana. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliapa nikitengeneza kitu changu, hakuna mtu kama sisi atakayeinama ndani yake."

Tepora akavuta kiti, akakaa. Hasira aliyopanda nayo ngazi haikuwa tena na pa kusimama.

"Pole, dada. Pole sana," alisema. "Lakini wewe ulishikwa shingo. Mimi hakuna aliyenishika. Nikiinama pale, ninasema niko kwetu, nawajua na mnanijua. Mmemsimamisha Lagi wima, sasa anaonekana mgeni."

"Picha ile ndiyo iliyo kwenye matangazo yote. Watu wanaichora kwenye fulana." Macho ya Hester yalikuwa mekundu. "Siwezi, Tepora. Si kwa sababu ya matangazo tu. Siwezi kumwinamisha kwa mkono wangu."

Nje mtu aligonga rimu kwa nyundo, mara tatu, nne. Tepora alitazama mikono yake, ambayo sasa ilikuwa pia mikono ya Lagi. Alifikiria kuwa mahali fulani kuna mtoto atakayeshika kidude cha kuchezea gemu, amwone Lagi, apumue kwa mara ya kwanza. Mtoto huyo hakumkosea mtu.

"Basi mwache asimame," alisema. "Nitoeni jina."

"Tepora, hiyo kazi ni yako."

"Najua ni yangu."

Alipoondoka, wenzake Hester walikuwa wamekaa mlangoni wakila. Mgongo wake ulishuka wenyewe. "Tulou," alisema, na hakuna aliyeinua macho.

Gemu ilitoka, ikapendwa. Siliva alimsomea barua ambazo watu wa mbali walimwandikia Lagi kana kwamba ni mtu wa nyama na damu. Tepora alisikiliza zote, akaomba asomewe tena mbili.

Jumapili moja mpwa wake alikuwa akiicheza sebuleni, nduguze wamejipanga sakafuni. Mama Fuatino akatoka jikoni na sinia la tambi za sapasui. Akainama kupita mbele ya wajukuu zake, "Tulou, tulou," kisha akasimama katikati ya njia, sinia mkononi. Lagi alikuwa akitembea kando ya bahari.

"Mwendo huu ni wako."

"Ndiyo, Mama."

"Bega hili pia. Hivi ndivyo unavyocheka." Aliendelea kutazama. "Na jina halimo?"

"Halimo. Ulisema litoke."

"Nilisema." Lagi akafika mlangoni pa nyumba ya wazee, akaingia wima. Mama Fuatino alimfuata kwa macho mpaka alipotokea upande wa pili. "Sasa nani atajua kuwa huyu naye ni mtoto wa watu?"

Tepora akaenda kumpokea mama yake sinia, akainama, akapita.