Mguu Uliopinga

Juzi, katika mkutano wa kijiji chetu hapa Kilosa, mwenyekiti alitaka tulime shamba la ujamaa hata jioni. Akasema, "Anayepinga asimame."

Wanawake tulitazama kanga zetu. Jirani yangu mzee, ambaye ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu na misuli humkaza bila taarifa, akaruka wima akilishika shavu la mguu, uso umemkunjamana kwa maumivu.

"Mzee wangu, unapinga?"

"Sipingi, ndugu mwenyekiti. Unaopinga ni mguu."

"Mguu si mwanachama."

"Basi uambie ukae, mwanangu. Mimi haunisikii."

Mwenyekiti aliutazama ule mguu uliokakamaa, akamsamehe mzee kazi ya jioni. Sisi wenye miguu mitiifu tukachukua majembe.