Mzee wa mafaili, na ng'ombe niliyemtunga ili nisifukuzwe kazi

"Kwenu mna ng'ombe wangapi?"

Wakuu, hilo ndilo swali nililoulizwa siku yangu ya kwanza kazini, na nilishindwa kulijibu. Nawasalimu nyote, vijana kwa wazee, ingawa nikikadiria vizuri mzee humu ndani ni mimi peke yangu.

Nimesoma uzi wa yule kijana wa ofisi ya Westlands anayetaka ku-resign kwa sababu ya mtu wa store anayemnyima vifaa makusudi. Comments zote zinamwambia apeleke mambo kwa HR.

Mimi nilipeleka. Ngoja niwaambie yaliyonipata. Yote hapa ni kweli isipokuwa ng'ombe mmoja, na nikimfikia nitawaonyesha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Kampala na digrii moja na ugonjwa mmoja, ule wa kuuliza "kwa nini" kila mahali, hata kanisani. Kampuni ya bima, mtaa wa pili kutoka River Road, ikanichukua nijibu barua za wateja Waafrika.

Bosi alikuwa Mwingereza na alikuwa ametaka mwanamume. Akanipa miezi mitatu ya majaribio. Kila barua ijibiwe ndani ya wiki moja, la sivyo nirudi kwetu.

Kwetu ni Waithaka, nje kidogo ya mji, nilikotoka kila asubuhi, na huko baba alikuwa ameshatangazia kanisa zima kwamba binti yake ana kiti chake mwenyewe mjini. Afadhali ningerudi bila nguo kuliko kurudi bila kile kiti.

Sasa, huwezi kujibu barua bila faili la mteja. Na mafaili yote yalikuwa kwa Mzee Okumu.

Mzee Okumu alikuwa mtu wa kule ziwani. Upara unaong'aa, penseli tatu mfukoni, na chumba chenye mlango uliokatwa katikati, nusu ya juu wazi, ya chini imefungwa. Mafaili hakuyapanga kwa alfabeti wala kwa nambari. Aliyapanga kama reli. Wateja wa Mombasa walikaa mlangoni, wa Voi wakafuata, wa Nakuru huko ndani, wa Kisumu dirishani. Kama hukujua mtu anashukia stesheni gani, humpati.

Nilimwuliza kwa nini. Akasema gari la moshi halijawahi kupotea njia.

Ndipo akaniuliza lile swali la ng'ombe.

"Mzee, nimekuja kuchukua faili," nikasema.

"Faili haiendi mahali. Ng'ombe ndiye huenda. Wangapi?"

Nikanyamaza. Akafunga na ile nusu ya juu. "Rudi kesho," nikasikia kutoka ndani.

Niseme kwa nini nilinyamaza. Baba alikuwa na ng'ombe mmoja, na alichukuliwa na askari wa mkoloni wakati wa hali ya hatari, pamoja na wa majirani. Mambo kama hayo hayakuzungumzwa mlangoni na mtu ambaye hujui kesho atamsimulia nani. Hata nyumbani baba hakuwahi kumtaja tena.

Shadrack, karani wa meza ya pili, alinionea huruma. "Dada, usipouliza hali ya ng'ombe wake hupati kitu. Ana Jumapili, ana Askofu yule dume, na wengine huko kwao. Hata bosi akipita hapa Jumatatu husema, 'Ngombe yako iko mzuri?' Na anapata faili."

"Lakini ng'ombe wake wanahusianaje na bima?"

"Hawahusiani. Uliza tu."

Wakuu, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nimesoma falsafa. Sikuuliza. Niliandika malalamiko kwa bosi, kurasa mbili, zenye vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari.

Bosi akamwita Mzee Okumu na kumwamuru anipe kila faili ninalotaka.

Kesho yake nilipofika sikukiona kile kiti. Juu ya meza, chini ya meza na juu ya kiti chenyewe kulikuwa na mafaili, kuanzia Mombasa mpaka Athi River. Mzee Okumu alikuwa anavuta mkokoteni akileta Nairobi.

"Umeomba mafaili," akasema kwa adabu kubwa. "Kisumu itafika saa nane."

Kuyarudisha kulinichukua siku tatu, kwa sababu hakupokea faili lolote la Voi kabla ya yote ya Mombasa. Barua zikalala. Bosi akaniambia mwezi wa tatu ukiisha tutaagana.

Nikashika adabu. Nikauliza hali ya Jumapili.

Uso wa yule mzee ukafunguka pamoja na mlango. Jumapili amezaa ndama wa kike. Askofu amevunja ua wa jirani na jirani ameomba msamaha. Nikapata mafaili sita kabla ya chai. Mambo yangeishia hapo kama si ule ugonjwa wangu.

Nilianza kuandika. Nilikuwa na daftari dogo la hao ng'ombe: nani mama wa nani, nani kazaa lini. Siku moja watu wote wamesimama pale mlangoni, mzee akatangaza kwamba Jumapili amezaa.

"Mzee," nikasema, "Jumapili alizaa majuma sita yaliyopita. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa."

Shadrack akaanza kukagua viatu vyake. Mtu mmoja akakumbuka ana kazi.

"Digrii yako," Mzee Okumu akauliza polepole, "ni ya ng'ombe?"

Kila mtu akacheka, nami nikajua nimekwisha. Mlango ukafungwa. Ikafika wiki ya mwisho, nina barua kumi na mbili na sina faili hata moja.

Sikulaumu mtu. Nilikuwa na ukweli wote upande wangu na nilikuwa naelekea Waithaka nao.

Asubuhi ya Jumatatu, nikiwa njiani kuja mjini, viatu vizuri kikapuni na vya matope miguuni, nikafikiri. Huyu mtu siku ya kwanza aliniuliza swali. Mimi nilimwuliza maswali arobaini, lake sijalijibu mpaka leo.

Nikaenda moja kwa moja mlangoni kwake.

"Mzee, uliniuliza kwetu tuna ng'ombe wangapi. Mmoja. Anaitwa Shida."

Nusu ya juu ikafunguka kidogo. "Kwa nini Shida?"

"Hakubali kukamuliwa na mtu asiyemsalimia kwanza."

Penseli moja akaitoa, akairudisha. "Huyo ana akili," akasema. "Wewe unamsalimia?"

"Nimeanza juzi."

Nikapewa mafaili kumi na mawili, yamepangwa kuanzia Mombasa. Ijumaa barua zote zilikuwa zimeondoka, na kiti kikabaki changu.

Huyo Shida ndiye ng'ombe wa uongo niliyewaahidi. Shida ya Shida ni kwamba sasa kila asubuhi mzee alimwulizia. Anakula nini? Pembe zake zimeelekea wapi? Mimi ni msomi, siwajui ng'ombe. Ikabidi jioni, tukila, nimwulize baba.

Mara ya kwanza baba alijibu neno moja. Ya pili, mawili. Mwezi haujaisha alikuwa anaweka kijiko chini na kunieleza yule ng'ombe wake aliyechukuliwa alivyokuwa, na doa jeupe sikioni, na alivyochukia mvua. Kesho yake nampelekea Mzee Okumu vivyo hivyo. Baba hakujua anasaidia kujibu barua za bima.

Mpaka naondoka kampuni ile miaka mingi baadaye, sikuwahi tena kukosa faili, na lile daftari nililichoma.

Kwa hiyo kijana wa Westlands, kabla hujaandika hiyo resignation, jiulize yule mtu wa store amekuuliza nini ambacho hujamjibu. Pengine hukumsikia, ulikuwa unadai vifaa. Na kama ameshakufunulia uongo wake, usiupigie hesabu mbele ya watu. Wenye kisa kama hiki wakiweke hapa chini, nasoma polepole lakini nasoma vyote.

Limebaki moja. Mzee Okumu alipofariki, tayari ana wajukuu wengi, nilisafiri kwenda kumzika. Nikamwuliza mjane wake, Mama, zizi la kina Jumapili liko wapi nilione.

Akacheka katikati ya msiba. "Ng'ombe gani, mwanangu? Huyu akiona ndama alizunguka nyumba kwa woga. Maziwa tulinunua kwa jirani."

Kisha akanishika mkono. "Wewe ndiye wa Waithaka? Aliniambia huko kazini kulikuwa na ng'ombe mmoja tu wa kweli, wa kwenu. Alisema wake wote aliwatunga, na katika miaka yote hiyo hakukumbuka kumpa hata mmoja wao doa sikioni kama lile la wenu."